Ngiri, Papasi na Njia ya Wapagazi (Sehemu ya 6)

Kwa walioingia leo: kila wiki tunachukua ugonjwa mmoja tunaoujua kwa jina, tunaufuata nyuma mpaka tuone ulitokea wapi na nani aliubeba. Leo ni zamu ya homa ya nguruwe. Najua baadhi yenu dini haiwaruhusu hata kumsogelea mnyama huyu, na Tabora ni mji wa swala tano tangu enzi za misafara. Msiondoke. Mbele kidogo tutakutana na papasi, na papasi hamuulizi mtu dini yake.

Nianze na swali ninaloulizwa kila zinaposikika habari za nguruwe kufa. "Nesi, Jumapili tulikula kitimoto. Jumanne tunasikia kwenye banda lile nguruwe wamekufa wote. Watoto wangu watakuwa salama kweli?"

Watakuwa salama, kwa ugonjwa huo. Homa ya nguruwe ya Afrika inaletwa na kirusi ambacho hakimwambukizi binadamu. Si mtoto, si mjamzito, si mzee. Lakini usichukue jibu hili ukaenda nalo buchani kununua nyama ya nguruwe aliyejifia. Nyama ambayo haikukaguliwa ina hatari zake, na kubwa kwa nguruwe ni tegu. Ukila nyama yenye tegu ambayo haijaiva, tegu anakaa tumboni mwako. Mayai yake yakitoka chooni yakapita kwenye mikono isiyonawa hadi mdomoni kwa mtu, yanaweza kupeleka viluwiluwi mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo baadhi ya vifafa vinapotoka. Kwa hiyo nyama ikaguliwe, ipikwe mpaka iive hadi ndani, na mikono inawe. Hilo limekwisha, sasa historia.

Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, yaani Tabora hii hii. Hawakugundua kitu. Walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshajenga matembe yao, wana bustani na wageni, katikati ya nchi ya Wanyamwezi wa Unyanyembe. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapanda, ikakata Ugogo penye shida ya maji, ikaingia Unyamwezi. Hapa Tabora iligawanyika: moja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Kongo, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda bara. Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi wenye sifa. Na tusisahau, wanawake walikuwemo pia katika misafara hiyo, na vyungu vyao na watoto mgongoni. Vitabu vingi vya wazungu viliwapita kama hawapo.

Sasa fikiria msafara huo unapiga kambi jioni porini, kwenye miombo. Kuna mbuzi, kuna kuku, kuna punda, wakati mwingine ng'ombe. Nguruwe wa kufugwa hakuna. Wakubwa wa misafara walikuwa Waislamu, na wenyeji hawakuwa na desturi ya kumfuga. Lakini hatua chache kutoka kambini kuna shimo lililochimbwa na muhanga, na ndani yake amelala ngiri na watoto wake. Kwenye udongo wa shimo hilo kuna papasi. Ndani ya papasi, katika nyika nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, kuna kirusi.

Watu walilala karibu na kirusi hicho miaka na miaka, hakuna aliyejua. Hakikuua watu. Ngiri hakikumuua. Hakikuwa na jina, maana hapakuwa na mnyama wa kufa nacho. Hapa ndipo nataka usimame kidogo, kwa sababu watu wakisikia "ugonjwa mpya" hudhani ni mdudu mpya amezaliwa. Mdudu huyu ni mzee kuliko misafara. Ugonjwa ndio mpya, na ulianza siku ambayo watu walileta nguruwe wa kufugwa wakawaweka jirani na ngiri.

Walioleta kwa wingi ni wamisionari na walowezi, miaka ile Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu. Upande wa Kenya walowezi walileta nguruwe wa kizungu, wakawaachia wazurure mashambani kama walivyozoea kwao. Kuanzia mwaka 1909 na 1910 nguruwe wakaanza kufa. Si mmoja mmoja, banda zima. Daktari wa mifugo wa serikali, Montgomery, akafuatilia kwa miaka kadhaa, na mwaka 1921 akachapisha aliyoyaona. Katika milipuko aliyoiandika, takriban nguruwe 99 kati ya kila 100 walikufa. Ulaya walikuwa na homa yao ya nguruwe, wakadhani ni hiyo hiyo. Montgomery akaonyesha kwamba siyo: nguruwe aliyekingwa dhidi ya homa ya Ulaya, hii ya huku ilimuua vilevile. Akaonyesha pia kwamba ngiri anabeba kirusi hicho bila kuumwa. Dawa hakuwa nayo. Walowezi wakaambiwa wajenge uzio, nguruwe wao wasikutane na ngiri, na wale waliojenga vizuri walifuga.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na kwa mfugaji wa huku kwetu kinga ya kwanza bado ni ule ule uzio.

Lakini Montgomery alibaki na fumbo. Ukimweka ngiri mzima na nguruwe pamoja bandani, mara nyingi nguruwe haumwi! Sasa anaambukizwaje? Jibu lilikuja kwa vipande. Mwaka 1963 mtafiti wa Hispania, Sánchez Botija, alikuta kirusi ndani ya kupe laini wa kule kwao. Halafu mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake wakachapisha kwamba wamekikuta ndani ya papasi waliowatoa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania.

Mambo yanakwenda hivi. Mtoto wa ngiri anazaliwa shimoni. Wiki zake za mwanzo papasi wanamuuma, kirusi kinaingia, kinazunguka kwenye damu yake kwa wiki mbili tatu hivi. Haumwi. Papasi wengine wanaokunywa damu yake siku hizo wanakipata. Baadaye kirusi kinajificha ndani ya tezi zake, kwenye damu hakionekani tena kwa wingi wa kuambukiza, ndiyo maana ngiri mkubwa akisimama karibu na nguruwe hamwambukizi. Anayebeba ni papasi. Anaweza kukaa na kirusi kwa miaka, anawapa papasi wenzake wanapojamiiana, na jike anakipitisha kwa mayai yake. Ngiri akitoka na papasi mwilini, akapita kwenye banda au malisho ya nguruwe, papasi akadondoka na kupata mwili mwingine wa kuuma, mlipuko umeanza. Ndugu yake, nguruwe pori yule wa usiku anayefukua mihogo, naye anaweza kuambukizwa, na mabaki ya mizoga ya porini yakiliwa na nguruwe wa nyumbani ni njia nyingine. Kwa hiyo mume akirudi na nyama ya porini (uhalali wake ni mada nyingine!) mabaki yasitupwe bandani.

Plowright huyo, kwa wasiomjua, ndiye aliyeongoza kazi ya chanjo ya sotoka kule Muguga, Kenya. Sotoka ndiyo ile tauni ya ng'ombe iliyopita nchi hizi mwaka 1890 na 1891, ikaua ng'ombe, nyati, hata ngiri, watu wakafa kwa njaa. Kwa chanjo, sotoka ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011. Nimeitaja kwa sababu watu huniuliza mbona hii ya nguruwe haina chanjo. Kirusi chake ni kikubwa na kigumu kukifanyia kazi, na kinga ya nguruwe haikizuii kirahisi. Vietnam iliruhusu chanjo za kibiashara mwaka 2023, ni hatua, lakini wewe mwenye nguruwe watatu nyuma ya nyumba usikae ukizisubiri. Tiba ndiyo haipo kabisa. Anayekuuzia sindano ya kuponya homa ya nguruwe anakuuzia maji.

Tumeshaona shimo. Lakini shimo la ngiri halitembei, na ngiri haendi mbali. Kirusi kimefikaje China?

Kimebebwa na sisi. Mwaka 1957 kilitokea Ureno, karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, kwa nguruwe waliolishwa makombo ya ndege zilizotoka Angola. Mwaka 2007 kilitokea Georgia, karibu na bandari ya Poti, na inaaminika makombo ya meli ndiyo yaliyokipeleka. Aina yake ilikuwa ile ya kusini-mashariki mwa Afrika, upande wa Msumbiji na majirani zake. Kutoka Georgia kikaingia Urusi na Ulaya. Na kule kikakuta mnyama mwingine: nguruwe mwitu wa Ulaya. Huyu siyo ngiri. Ni jamii moja na nguruwe wa kufugwa, kwa hiyo anaumwa na kufa vilevile, na mzoga wake msituni unaambukiza wanaokuja kuunusa. Ubelgiji walimwona nguruwe mwitu wao mgonjwa mwaka 2018, Ujerumani 2020. Denmark wakajenga uzio mpakani. Agosti 2018 China ikatangaza, na ndani ya muda mfupi taifa lenye nguruwe wengi kuliko yote duniani likawa linafukia mizoga kwa mamilioni.

Na sisi je? Mwaka 2010 ugonjwa ulizuka Kyela, mpakani na Malawi. Mwaka 2011 ulikuwa Dar es Salaam. Walipopima walikuta ni aina ile ile iliyokwenda Georgia. Pima mwenyewe umbali kutoka Kyela hadi Dar. Hakuna ngiri aliyetembea safari hiyo. Nguruwe hai walipakiwa kwenye magari, nyama ikafungwa kwenye mifuko, tope likaganda kwenye viatu vya wanunuzi. Zamani safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi, na mnyama mgonjwa alifia njiani, ugonjwa ukaishia naye. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa ya siku. Leo lori likitoka na nguruwe walioambukizwa jana, wanafika wakiwa bado wanakula vizuri tu, maana dalili huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi kujitokeza. Wanauzwa kama wazima.

Ndipo tunafika kwa mama mwenye banda. Nawajua akina mama wengi ambao nguruwe ndiyo benki yao. Jike mmoja anazaa watoto wanane, kumi, ndani ya mwaka una ada ya shule na bati za nyumba. Sasa asubuhi moja nguruwe mmoja hali chakula. Masikio na tumbo vimekuwa vyekundu, anatetemeka, wengine wanarundikana kwa baridi wakati jua linawaka, mwenye mimba anaitoa. Kesho yake mmoja amekufa. Jirani anakuja na ushauri: "Uza hao waliobaki haraka, angalau upate chochote."

Sitaki kumsema vibaya mama huyu. Ana watoto, ana deni la kikundi, na anaona akisubiri atabaki na kazi ya kuchimba mashimo ya mizoga. Lakini nyama ile itanunuliwa na mtu mwenye nguruwe watano. Maji ya kuioshea na mifupa vitaingia kwenye pipa la makombo, na pipa ni chakula cha nguruwe wake. Kirusi hiki kinadumu kwenye nyama mbichi, kwenye damu, kwenye nyama iliyogandishwa kinakaa hata miaka, kwenye iliyokaushwa kwa chumvi miezi. Moto tu ndio unakiweza. Kwa hiyo anayeokoa shilingi zake leo anafunga benki ya mama mwenzake wiki ijayo, na baada ya miezi, akinunua watoto wa nguruwe kwa huyo mwenzake, unamrudia mwenyewe.

Afanyeje? Asitoe nguruwe wala nyama bandani kwake, amwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, siyo baada ya wa tatu kufa. Mizoga ifukiwe shimo refu. Viatu vya bandani visitoke bandani. Siku za amani, banda liwe na uzio wa kumzuia hata mbwa, makombo yenye nyama yachemshwe kwanza au yaachwe kabisa, na nguruwe mgeni akae peke yake wiki tatu nne kabla ya kuchanganywa. Dume la kuazima mtaa kwa mtaa, hapo ndipo wengi huponzwa. Sioni aibu kusema kwamba hili nimelisoma kwa watu wa mifugo, mimi nauguza watu.

Na nikirudi kwa watu, narudi kwa papasi niliyewaahidi.

Papasi wa mashimo ya ngiri na papasi wa nyumba za udongo ni ukoo mmoja. Wengine walibaki mashimoni, wengine wakaona tembe letu ni shimo zuri zaidi: giza, udongo mkavu, nyufa, na watu wanaolala chini. Misafara ikawahamisha. Papasi anajificha kwenye mkeka, kwenye mzigo, anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, halafu anashuka kwenye kambi ya mbele. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, yule wa kifua kikuu, alizunguka nchi hii akichunguza mabanda ya kulala wapagazi. Alikuta papasi kwenye sakafu zake, na ndani yao, mpaka kwenye mayai yao, vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Alivikuta hata vijiji vilivyo mbali na njia kuu. Mwezi wa pili mwaka huo huo, Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alifariki kwa ugonjwa huo huo mjini Kasongo. Kasongo ule ulikuwa mji wa Tippu Tip, mwisho wa njia ile ile iliyopita Tabora na Ujiji. Bakteria hao leo wana jina la Dutton.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya papasi. Huu unampata binadamu, na unampata vibaya mama mjamzito na mtoto mchanga. Homa inapanda kali siku kama tatu, kichwa na viungo vinauma, halafu inapotea. Unasema nimepona. Baada ya wiki hivi inarudi. Inapotea, inarudi. Kwa mjamzito inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mfu, na mtoto anaweza kuzaliwa nao.

Mvumi, Dodoma, ilikuwa kituo cha misafara. Stanley aliipita mwaka 1871. Miaka zaidi ya 100 baadaye madaktari walikuwa bado wanawatibu watoto wa huko kwa homa hii. Walipopulizia dawa nyumba zenye papasi, wagonjwa walio chini ya miaka mitano walipungua, na matokeo yalichapishwa 1998. Mwaka 2007 watafiti wakaeleza kwamba wamekuta bakteria hao kwenye damu ya baadhi ya kuku na nguruwe wa vijiji vya huko, wale wanaolala karibu na watu au ndani ya nyumba. Kwa hiyo nguruwe asiyeweza kukupa homa yake ya kirusi anaweza kuwa analisha papasi anayekuuma wewe. Banda likae mbali na chumba cha kulala, kuku nao vilevile. Nyufa za kuta zizibwe, sakafu isakafiwe ukiweza, na mtoto asilale chini kwenye mkeka nyumba ya udongo. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, juu ya kitanda, kinasaidia. Papasi anauma usiku, anashiba, anarudi kwenye ufa, asubuhi humwoni.

La mwisho kwa leo. Siku hizi mtoto mwenye homa anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kidude cha plastiki. Ni kipimo kizuri, lakini kinaona malaria tu. Bakteria wa papasi anaonekana kwa darubini, na anaonekana vizuri zaidi damu ikichukuliwa wakati homa imepanda. Kama kipimo kimesema hakuna malaria na homa hii ni mara ya pili au ya tatu kurudi, usinunue dawa dukani. Antibaotiki zipo na zinaponya, ila dozi ya kwanza inaweza kumfanya mgonjwa atetemeke na presha ishuke, kwa hiyo anywe akiwa chini ya uangalizi. Njoo hospitali homa ikiwa juu, omba damu iangaliwe kwa darubini, na umwambie nesi nyumba yenu ni ya udongo au ya tofali, mnalala kitandani au chini, na kuku na nguruwe wanalala wapi.